"Muda unaofaa" ni muda gani?

SWALI: Mahakama ya watoto iliamua wanangu wawili, wa miaka 6 na 9, wakae nami hapa Likoni, Mombasa, na baba yao aliyeko Kisauni awaone "kwa muda unaofaa". Kila Ijumaa ni vita. Asipotuma pesa za matunzo, siwatoi. Je, nakosea?

JIBU: Hapo kwenye pesa unakosea, dada. Matunzo ni jambo moja, na watoto kumwona baba yao ni jambo jingine. Asipolipa, peleka ombi la kutekeleza amri ya matunzo, uambatishe taarifa ya M-Pesa ya miezi anayodaiwa. Ukiwazuia watoto, anaweza kukushtaki kwa kudharau mahakama, nawe mwenye kudai ugeuke mdaiwa.

Lakini kiini cha ugomvi ni hayo maneno mawili. "Muda unaofaa" huwafaa wazazi wanaosikilizana. Kwenu kila wiki ni mapatano mapya. Rudi mahakama ileile na ombi la kurekebisha amri, pamoja na hati ya kiapo. Usiijaze tabia za mume. Weka tarehe, saa mliyopatana, saa aliyofika, na watoto walifanya nini. Huenda hakimu akaagiza ripoti ya afisa wa watoto, basi tarajia kutembelewa nyumbani.

Omba amri isiyowaachia cha kubishania, kwa mfano: "Ijumaa ya kwanza na ya tatu ya kila mwezi, baba atawachukua watoto shuleni masomo yakiisha. Jumapili saa kumi na moja jioni atawafikisha kwa bibi yao." Hesabuni Ijumaa, si wikendi. Mwezi ukianza Jumamosi, kila mmoja atakuwa na wikendi yake ya kwanza. Shuleni na kwa bibi hamkutani mlangoni, na ugomvi mwingi huzukia mlangoni. Kuwarudisha Jumatatu moja kwa moja shuleni kungewaepusha hata na bibi, ila kutoka Kisauni mpaka Likoni mtoto wa miaka 6 ataamshwa alfajiri mno. Mimi nisingeomba hivyo.

Feri ya kuvukia Likoni nayo iandikwe. Dakika 45 za kuchelewa, kwa sharti la kutuma ujumbe kabla ya saa ya makabidhiano, zinatosha. Bila kifungu hicho foleni ya kivukoni itakuwa kisingizio chake, au shtaka lako.

Likizo za Aprili, Agosti na Desemba zigawanywe nusu kwa nusu, kwa tarehe za kalenda ya shule. Idi ndiyo huleta tabu, kwa kuwa siku yake hungoja mwezi. Andikeni "siku itakayotangazwa na Kadhi Mkuu", mmoja apewe Idi ya Ramadhani na mwenzake Idi ya kuchinja, mbadilishane kila mwaka wa Hijria. Mkihesabu kwa Januari, upo mwaka utakaokuwa na Idi mbili za Ramadhani.

Mkiafikiana kupitia mawakili, makubaliano yawasilishwe mahakamani yapitishwe kuwa amri. Karatasi mliyotia saini sebuleni haina nguvu hiyo.