Maswali yenu: kiharusi kimechukua maneno, si akili

Baba alipata kiharusi. Sasa anamwita mama "kiti", na akitaka chai anasema hapana. Amerukwa na akili? (Ahero)

Hajarukwa. Swali hili huja kila wiki na wenye kuliuliza hawasomi majibu yaliyotangulia. Hiyo ni afasia: kiharusi kimeumiza sehemu ya ubongo inayoshughulikia lugha, mara nyingi upande wa kushoto, ndiyo maana wengi hulegea pia mkono na mguu wa kulia. Mkewe anamjua, jina ndilo linalomponyoka. Zimeni redio, mtazameni usoni, mwulizeni jambo moja kwa wakati, kisha mngoje. Mwekeeni chai na uji mbele yake aonyeshe kwa mkono. Msimalizie kila sentensi yake, wala msimwongeleshe kama mtoto wa chekechea. Na kwa kuwa "ndiyo" yake hugeuka "hapana", asitie kidole kwenye karatasi yoyote ya shamba mpaka ihakikishwe kwa njia zaidi ya moja kwamba ameelewa. Hukuniuliza habari za shamba, najua. Baba mdogo akija na wakili utanikumbuka.

Nyanya hasemi neno, lakini kanisani anaimba wimbo mzima. Anatuigizia? (Bungoma)

Haigizi. Nyimbo, sala, kuhesabu moja hadi kumi, hata matusi, huweza kubaki wakati maneno ya kujitungia yamekwama. Imbeni naye. Wataalamu nao hutumia mahadhi kuwafundisha baadhi ya wagonjwa vijisentensi kama "nataka maji". Mjukuu anayemrekodi ili awachekeshe watu mtandaoni anyang'anywe simu.

Mzee ameacha dawa za presha kwa sababu presha imeshuka. (Mumias)

Imeshushwa na dawa! Arudi kliniki leo.

Tumsemeshe Kikuyu au Kiswahili? (Nakuru)

Lugha alizokuwa akizitumia, zote. Huenda moja ikatangulia kurudi. Akipimwa kwa Kiingereza ambacho hakuwahi kukizungumza nyumbani, lalamikeni.

Miezi minane imepita, jirani anasema tusijisumbue tena. Msaada tutapata wapi? (Kisumu)

Jirani si daktari. Miezi ya mwanzo ndiyo yenye kasi, lakini watu huendelea kupata nafuu hata baada ya miaka. Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache nchini na wengi wako Nairobi, kwa hiyo ulizeni kwanza hospitali ya rufaa ya Jaramogi, kisha ile ya Moi kule Eldoret. Mkiambiwa hakuna nafasi, ombeni maelekezo ya mazoezi ya nyumbani yaliyoandikwa. Mwandikisheni kwenye Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Kikundi cha kusaidiana nacho msingoje kuletewa: familia mnazokaa nazo kwenye benchi la fiziotherapia zina shida hiyohiyo, badilishaneni namba.

Mdomo wa mama ulipinda ghafla asubuhi. Tulimkanda hadi jioni, sasa haongei. (Kakamega)

Mbona unaniandikia mimi? Mpeleke hospitali sasa hivi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya CT kuonyesha kuwa damu haijavuja kichwani. Mmezitumia saa hizo kukanda.