Umati wa Fujo kwa Kiingereza: Kwa Wanaoanza Kutafsiri Lubumbashi

Anayetoka kwenye Kifaransa hujikwaa kwanza kwenye "manifestation", ambalo kwa Kifaransa ni maandamano. Kwa Kiingereza neno hilo ni ishara ya jambo lililojitokeza, kama dalili za ugonjwa. Maandamano ni "demonstration" ao "protest". Ukiandika "a violent manifestation", msomaji wa ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, huko Zambia, atadhani unasimulia habari za mapepo.

Kisha "unruly", "rowdy" na "disorderly". Mwisho wa "unruly" na "disorderly", yaani "-ly", unadanganya kana kwamba ni vielezi. Yote matatu ni vivumishi. "The crowd behaved unruly" ni kosa; andika "the crowd became unruly". "Rowdy" ni makelele na vurugu ndogo: mashabiki wa Mazembe wakitoka uwanjani Kamalondo kwa ngoma na tarumbeta, barabara imeziba, ni "rowdy fans", wala hawajamdhuru mtu. "Unruly" ni kutoshika amri, ndiyo maana husemwa pia kwa watoto, abiria wa ndege, hata nywele zinazoshinda kitana. "Disorderly" ni lugha ya polisi na mahakama.

"Mob" usiliguse ovyo, maana limekwisha kuhukumu. "Angry mob" ni watu walio tayari kupiga na kuchoma; "mob justice" ni mwizi kuuawa njiani bila kesi. "Riot" nalo, sheria ya Uingereza ya 1986 inataka watu 12 ao zaidi, pamoja, wanaotumia ao kutishia kutumia nguvu kwa lengo moja. Wanafunzi saba wanaorusha mawe hawatoshi.

Vitenzi ni vichache: umati "gathers" (hukusanyika), "swells" (huongezeka), "surges forward" (husonga mbele kwa nguvu), na polisi "disperse" (hutawanya) umati. Wengine huandika "dispatch", yaani kutuma!

Kosa linaloumiza watu liko kwenye "stampede" na "crush". La kwanza ni mbio za hofu. La pili ni kubanana mpaka kifua kishindwe kupanuka, bila yeyote kukimbia. Kwenye uwanja wa mpira wa Hillsborough, mjini Sheffield, Uingereza, tarehe 15 Aprili 1989, msongamano uliua mashabiki 97 wa Liverpool. Miaka mingi waliitwa walevi wa fujo, mpaka mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama ("jury") lilipoamua kwamba mashabiki hawakuwa na kosa. Kwa hiyo shahidi akikuambia "watu walikanyagana", usiandike bado. Muulize: walikuwa wanakimbia, ao walikuwa wamebanwa? Na mlango ulikuwa wazi?