Muulize Msafiri: Siku nne Barcelona na hela ya kuhesabu

*Shikamoo dada. Mimi ni binti wa Bukoba, nasomea uuguzi Leipzig, Ujerumani. Mwezi wa tano nina mapumziko ya siku nne na nimeshakata tiketi ya ndege kwenda Barcelona, naenda peke yangu maana wenzangu wote wako zamu. Toka niko sekondari nilibandika picha ya lile kanisa la Gaudí, yule msanifu majengo wa Barcelona, kwenye daftari langu. Sasa nimeanza kupiga hesabu naona kila jengo lina kiingilio chake, nikijumlisha yote nitakula nini mwezi mzima? Nikiishia kuyaangalia kwa nje si nitakuwa nimetupa nauli?*

Marahaba mdogo wangu, hujatupa kitu. Barcelona nimeenda mara mbili, zote peke yangu na zote kwa hela ya kuhesabu, na nakwambia kwa moyo wote: lipia jengo moja, lile kanisa lako, Sagrada Família, mengine yaangalie ukiwa barabarani. Yale majengo yalijengwa ili wapita njia wayaone. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 matajiri wa mji walikuwa wanashindana pale barabara ya Passeig de Gràcia, kila mtu anataka nyumba yake ndio izungumzwe, kwa hiyo sehemu kubwa ya uzuri wameuweka usoni, nje, na kuutazama ni bure mpaka leo.

Kwenye bloku moja tu utakuta Casa Lleó Morera ya Domènech i Montaner, Casa Amatller ya Puig i Cadafalch na Casa Batlló ya Gaudí, wasanifu watatu wakubwa na kila mmoja kaja na lake, ndio maana wenyeji wanapaita bloku ya ugomvi. Vuka barabara usimame upande wa pili, usisogee karibu kwanza. Casa Batlló Gaudí hakuijenga kuanzia msingi, ilikuwa nyumba ya kawaida tu akapewa aifanyie ukarabati, 1904 mpaka 1906, akaiwekea nguzo kama mifupa, na wewe unayesomea uuguzi utaziona viungo vyake kabisa, roshani kama vinyago na paa lenye magamba kama mgongo wa mnyama. Rudi tena jua likiwa limehamia upande mwingine maana vile vipande vya vioo ukutani vinabadilika rangi. Na kabla hujaondoka angalia chini. Vigae vya njia ya waenda kwa miguu vina pembe sita, vimechorwa viumbe wa baharini, kiti cha pwani (yule mwenye umbo la nyota), konokono, mwani, na alivibuni Gaudí mwenyewe. Kigae kimoja hakimalizi picha, lazima kikutane na wenzake ndio mkono wa kiti cha pwani upate pa kuishia. Mimi nilichuchumaa pale watu wananipita na mifuko yao ya madukani, nikawa nafuata mstari kwa kidole kutoka kigae hadi kigae.

Ukipanda na barabara hiyo hiyo utaikuta La Pedrera, jengo jingine la Gaudí, la 1906 mpaka 1912, ukuta wa mawe unaopinda kama wimbi. Ipe nusu saa.

Sasa kanisa. Tiketi ni ya mtandaoni, inazidi euro 20, na mwezi wa tano zinaisha mapema, so nunua leo leo usisubiri ufike. Muda ndio muhimu kuliko vyote: chagua kama saa kumi na moja jioni. Vioo vya upande wa mashariki ni vya bluu na kijani, vya magharibi ni vyekundu na rangi ya chungwa, kwa hiyo asubuhi na jioni ni kama makanisa mawili tofauti. Mara ya kwanza niliingia asubuhi nikasema sawa, pazuri. Mara ya pili nikaingia jioni, nikakaa kwenye kiti nisiondoke, nikawa naangalia nguzo moja. Nguzo zenyewe zimesimama kama miti, huko juu zinagawanyika matawi. Rangi ya chungwa ilianzia chini ya nguzo na jinsi jua lilivyokuwa linashuka nje ndivyo rangi ilivyokuwa inapanda ndani, polepole, ikaifikia sehemu nguzo inapoanza kutoa matawi ikageuka nyekundu. Nililia, sikuona aibu. Kwa hiyo ukiingia usikimbizane na simu, kaa.

Kabla ya kuingia, upande wa kanisa unaoitwa Kuzaliwa kwa Yesu, angalia chini ya zile nguzo mbili za mlangoni. Kila nguzo imebebwa na kasa wa mawe, ule ulioelekea baharini ni kasa wa baharini, wa upande wa milimani ni kobe wa nchi kavu. Watu wengi wanainua shingo kuangalia minara wanawapita hao wawili bila kuwaona. Minara nayo ina hesabu yake, ule wa Yesu Kristo uliopangwa kufika mita 172.5, Gaudí hakutaka kazi ya mkono wa binadamu ipite kilima cha Montjuïc alichokiumba Mungu. Jiwe la msingi liliwekwa 1882, yeye akaikamata kazi 1883, na mwaka 2025 kanisa likalipita kwa urefu lile la Ulm, huko huko Ujerumani uliko.

Kama hela imegoma kabisa, kuna Misa ya Jumapili saa tatu asubuhi, kuingia bure lakini nafasi zina mwisho kwa hiyo wahi sana. Ila ile ni ibada, nenda kusali.

Na kwa sababu wewe ni nesi nakuongezea kitu ambacho nisingemwambia mtu mwingine. Tarehe 7 Juni 1926 Gaudí aligongwa na tramu. Alikuwa kavaa nguo kuukuu, hana kitambulisho, watu wakadhani ni ombaomba, akapelekwa hospitali ya maskini ya Santa Creu, na tarehe 10 akafariki, sasa amezikwa kwenye kripta, yaani chumba cha chini, ya hilo hilo kanisa. Ile hospitali ya zamani bado ipo mtaa wa Raval, siku hizi ni maktaba, na ua wake unaingia bure, kuna miti ya machungwa na watu wanajisomea tu. Kaa pale kidogo. Afu ukitoka Sagrada Família fuata Avinguda Gaudí, ni mwendo wa dakika kumi hivi, mwishoni utaiona Sant Pau, hospitali iliyochukua nafasi ya ile ya zamani, Domènech i Montaner aliianza 1902. Huyu mtu aliamini mgonjwa anahitaji hewa, bustani na rangi. Badala ya jengo moja kubwa akazitawanya wodi kwenye vibanda vya matofali vyenye mapambo ya vigae, katikati miti, na chini akachimba njia za kuunganisha wodi ili wagonjwa na mizigo vipite huko chini. Wagonjwa walitibiwa humo mpaka 2009. Kama utabakiwa na hela ya tiketi ya pili, iweke hapo, achana na foleni ya Casa Batlló, utaangalia dari ya wodi kwa jicho la mtu anayejua mgonjwa analala chali masaa mangapi.

Mambo madogo madogo. Nunua kadi ya usafiri wa mjini ya T-casual ya safari kumi, ila kwenye metro ya uwanja wa ndege haikubali, panda basi la mji namba 46 mpaka Plaça Espanya, hilo linaikubali. Mchana ndio ule chakula kizito, tafuta ubao ulioandikwa menú del día, yaani mlo wa siku, usiku mkate na matunda ya supamaketi yanatosha. Hosteli nyingi zinakudai kodi ya watalii ya kila usiku ukifika, iwekee hela pembeni. Na simu usiiweke mezani. Mimi yangu ilichukuliwa nimekaa nje ya mgahawa, kijana alikuja akatandaza karatasi juu ya meza kama anaomba mchango, alipoiinua karatasi ikaondoka na simu, nilishtuka ameshafika kona. Tembea na pasipoti pamoja na kadi yako ya ukaazi ya Ujerumani, kwa hivyo viwili huhitaji viza nyingine ya Hispania kwa siku nne.

*Dada habari za kazi. Mimi fundi tailizi hapa Tanga. Kijana wangu kanionyesha kwenye simu benchi refu la huko Barcelona limebandikwa vipande vya tailizi zilizovunjika. Kwa nini wavunje tailizi nzima? Na mteja akija na picha kama ile tunaiweza?*

Salama fundi. Ile kazi inaitwa trencadís, maana yake kama vile kitu kilichovunjwavunjwa. Sababu yake unaijua wewe kuliko mimi: tailizi nzima ni bapa, ukiilaza kwenye mpindo pembe zinabaki hewani. Benchi lile linajipinda kama nyoka, kwa hiyo njia ni kuvunja. Lipo kwenye bustani ya Park Güell, kazi ya Gaudí ya 1900 mpaka 1914, na mapambo yake yanahusishwa zaidi na Josep Maria Jujol, msaidizi wa Gaudí. Vipande vingi vilikuwa mabaki ya viwandani, na kwenye dari ya ukumbi ulioko chini ya hilo benchi utaona mpaka sahani na chupa.

Niliinama nikaangalia sehemu ndogo tu, kama upana wa kiganja. Ua limekatwa katikati, nusu yake iko vipande vitatu mbele, na katikati kajaza nyeupe tupu ili jicho lipumzike. Pale mpindo ulipo mkali vipande ni vidogo kama ukucha, pakinyooka vinakuwa vikubwa. Na kitu kingine utakipenda: ule uwanja wenye benchi ni chujio, mvua ikinyesha maji yanapita kwenye mchanga, yanashuka ndani ya nguzo za ukumbi, nguzo zenyewe 86, mpaka kwenye tangi la chini la mita za ujazo 1,200.

Mnaiweza fundi. Wazee wa pwani yetu walishindilia sahani za Kichina kwenye nguzo za makaburi pale Kunduchi zamani kabla ya Gaudí, mkono huo upo kwetu. Ila usikubali kulipwa kwa mita ya mraba kama sakafu ya chumba, hii kila kipande unakitafutia mwenzake, dai hela ya siku.

*Dada, niko Nakuru, sina ndugu Ulaya. Nikiomba viza ya kwenda huko Barcelona nikiwa peke yangu nitapewa?*

Kuwa peke yako sio kosa. Wanachotaka kuona ni kwamba una hela ya safari na una sababu ya kurudi: barua ya kazi au biashara, taarifa ya benki inayoonyesha hela ikiingia mwezi kwa mwezi, sio mzigo ulioangushwa wiki iliyopita, mahali pa kulala, na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Ada ni euro 90 na hairudi wakikunyima. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na mwisho siku 15 kabla, lakini hizo 15 usizitegemee, nenda mapema. Na ukitaka kuunganisha Barcelona na nchi nyingine, omba kwa ile utakayolala usiku mwingi zaidi.