Bitana ya mkoba inabanduka, nitumie gundi gani?

SWALI: Shikamoo fundi. Natengeneza mikoba ya ngozi hapa Moro, ndani naweka bitana ya kitenge, nabandika na ile gundi ya viatu ya njano ya kopo. Shida kitenge kinatoka madoa kama ya mafuta, na baada ya wiki mbili tatu pale kwenye zipu kinaachia. Juzi mteja kanirudishia mkoba, nimeona aibu mno. Kuna mtu kaniambia nijaribu supagluu, ni sawa?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Supagluu usiiguse kabisa, ikikutana na pamba inachemka ghafla unaungua vidole, halafu ikikauka inakuwa kavu kama kigae, mkoba ukikunjika tu inakatika.

Gundi yako ya njano haina tatizo, nadhani unabandika ikiwa bado mbichi. Ile unapaka pande zote mbili, kwenye ngozi na kwenye kitenge, nyembambaaa, unasubiri kama dakika 10 hadi 15 mpaka ukigusa haigandi kidoleni, ndo unabandika na kukandamiza kwa nguvu. Ukiwahi, ule umajimaji wake unapenya kitenge unaleta madoa na ndani haikauki vizuri. Na kama pale kwenye zipu unabandikia upande laini wa ngozi, piga msasa kwanza, gundi haishiki panapong'aa. Fungua madirisha pia, harufu ile sio ya kuchezea.

Kitenge chepesi mimi natumia gundi nyeupe ya maseremala, haitoi harufu kali, ila ikikauka inakakamaa na nyingine zikilowa zinaachia, kwa hiyo paka ukingoni tu sentimita moja hivi. Usipake bitana nzima! Mkoba unakunjika kila siku, ngozi na kitambaa havivutiki sawa, vikishikana kote unapata makunyanzi.

Halafu hapo kwenye zipu lazima ushone jamani, gundi ni ya kushikilia tu mpaka cherehani ipite, mzigo unabebwa na uzi. Acha ikauke kabisa ndo ushone, la sivyo sindano inanata na inaruka mishono.

Huo uliorudishwa usipake gundi juu ya gundi. Bandua, sugua ile ya zamani kwa kidole itatoka vipande vipande, kata bitana mpya maana doa lile halitoki, paka ukingoni, shona, mpelekee mwenyewe.