Maswali ya wasomaji: ubongo ukigongwa, ukipatwa na kifafa, ukikosa damu

Mdogo wangu alianguka na bodaboda jana jioni. Alipoteza fahamu kama dakika mbili, akaamka, akala ugali vizuri. Majirani walisema akilala atakufa, basi tumekesha naye hadi asubuhi. Tumefanya sawa? Na ni kweli mtu anaweza kuonekana mzima kisha akafa? (Msomaji, Morogoro)

Ndugu msomaji, usingizi hauui. Imani hiyo imetokana na jambo la kweli: wapo waliolala baada ya ajali wasiamke. Lakini kilichowaua ni damu iliyokuwa ikivuja ndani ya fuvu huku hakuna anayewatazama. Kumnyima usingizi mtu aliyetikisika ubongo kunamchosha bure, na kukipambazuka hamtajua kama anasinzia kwa uchovu au kwa hatari.

Swali lako la pili, ndiyo, hutokea. Mfupa wa panja, ule ulio juu kidogo mbele ya sikio, ni mwembamba, na kwa ndani yake umepita mshipa wa ateri. Mfupa ukipasuka ateri huchanika, damu ikajikusanya kati ya fuvu na utando unaofunika ubongo. Fuvu la mtu mzima halitanuki. Mwanzoni ubongo huvumilia: mgonjwa anaongea, anakula, pengine anatania wenzake. Baada ya saa chache nafasi inakwisha, ubongo unabanwa, naye anazama. Akiwahi chumba cha upasuaji kabla hajazama, damu ikatolewa, ana nafasi kubwa ya kupona. Kwa hiyo yeyote aliyepoteza fahamu, hata kwa dakika moja, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mdogo wako mpelekeni sasa hivi, hata kama anacheka.

Huko watampima kwa kipimo cha Glasgow, kilichotungwa na Graham Teasdale na Bryan Jennett mwaka 1974. Hutazamwa jinsi anavyofungua macho, anavyojibu na anavyosogeza viungo, kisha alama hujumlishwa: 15 ni mwenye fahamu kamili, 3 ndiyo ya chini kabisa, na kuanzia 8 kushuka mtu yuko katika koma. Muulize aliyempima amepata ngapi, uandike na saa. Aliyekuwa na 15 saa mbili usiku akawa na 13 saa nne anahitaji hatua ya haraka, hata kama 13 peke yake haisikiki kuwa mbaya.

Linalopoteza fedha na muda ni eksirei ya kichwa. Eksirei huonyesha mfupa, damu haionyeshi. Inayoonyesha damu ni picha ya CT. Mkiambiwa eksirei ni nzuri, msiondoke mkidhani ubongo nao umeonekana.

Akiruhusiwa kurudi nyumbani, asiachwe peke yake kwa saa 24. Alale, ila usiku wa kwanza mwamsheni kila baada ya saa mbili. Ataje jina lake na mahali alipo, awabane mikono yote miwili kwa nguvu sawa, mkammulike macho kwa tochi mwone kama mboni zote mbili zinasinyaa kwa pamoja. Mrudisheni hospitali bila kusubiri kuche akitapika tena na tena, maumivu ya kichwa yakizidi badala ya kupungua, akiwa mgumu kuamka, akianza kuchanganya maneno, mkono au mguu mmoja ukilegea, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, akipata degedege, au maji meupe ama damu ikichuruzika puani au masikioni. Maji hayo yanaweza kuwa yale yanayouzunguka ubongo. Msizibe kwa pamba.

Kwa maumivu mtu mzima anywe parasetamoli: vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku. Asipewe aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki siku hizo za mwanzo, maana huongeza hatari ya kuvuja damu. Pombe asiguse. Apumzike siku moja au mbili, kisha arudie kazi kidogo kidogo. Pikipiki na mpira vingoje mpaka dalili ziishe, kwa sababu ubongo ambao haujapona ukigongwa tena huumia zaidi. Kusahausahau, kizunguzungu na hasira za ghafla ni kawaida kwa wiki kadhaa. Vikipita miezi mitatu, arudi kuonana na daktari.

Na tafadhali, kofia ngumu. Hukipunguzia kichwa hatari ya kuumia kwa takriban asilimia 69, lakini kofia isiyofungwa kidevuni huruka kabla kichwa hakijafika chini. Iliyokwisha kupata ajali moja itupwe hata kama haina ufa. Povu lake la ndani hubonyea mara moja tu.

Baba ana miaka 74. Wiki tano zilizopita aligonga kichwa kwenye fremu ya mlango, hakuumia. Sasa anasahau, analala mchana kutwa na anaburuza mguu wa kushoto. Ndugu wanasema ni uzee. (Binti yake, Thika)

Uzee hauji kwa wiki tano, dada. Kadiri umri unavyosonga ubongo husinyaa kidogo, na vishipa vinavyouunganisha na utando wake hukaa vimevutika. Kishindo kidogo kinatosha kukikata kimoja. Hapo damu hutoka polepole kwa wiki nyingi, na familia huwa imeshasahau ule mlango. Walio hatarini zaidi ni wazee, wanywaji wa pombe na wanaotumia dawa za kuzuia damu isigande. Baba apigwe picha ya CT wiki hii, na mkienda mtaje dawa zote anazomeza. Ikionekana damu ya namna hiyo, daktari wa upasuaji wa ubongo hutoboa fuvu tundu moja au mawili na kuitoa. Upasuaji huo hufanyika Kenyatta, Nairobi, na kwa wasomaji wa Tanzania, MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, Dar es Salaam. Tumelipa swali hili nafasi kwa sababu hali hii hutibika, na wazee wengi huachwa kitandani kwa neno moja tu: uzee.

Binti yangu wa miaka 9 ana kifafa. Alianguka shuleni, mwalimu akamtia kijiko mdomoni, jino likavunjika. Wenzake walikimbia wakiogopa povu. Tena nimesikia kifafa huletwa na nyama ya nguruwe, na sisi ni Waislamu, hatuigusi. (Mama, Tanga)

Pole sana, mama. Mpelekee mwalimu maneno haya. Hakuna binadamu anayemeza ulimi wake. Kijiko huvunja meno, na vipande vyake huweza kuingia kwenye njia ya hewa. Mtoto akianguka, tazama saa. Sogeza vitu vigumu, weka sweta chini ya kichwa, legeza ukosi, usimbane viungo. Mtikisiko ukitulia mlaze kwa ubavu mate yatoke, ukae naye mpaka ajitambue. Asipewe maji wala dawa ya kumeza kabla ya hapo. Ukifika dakika 5 haujakoma, au ukikoma ukaanza tena bila fahamu kurudi, ni dharura ya hospitali. Povu ni mate yake yaliyochanganyika na hewa. Haliambukizi kifafa, hata likimgusa mtu usoni.

Hiyo habari ya nguruwe ina ukweli uliopinda. Anayekula nyama ya nguruwe isiyoiva huweza kupata mnyoo aitwaye tegu tumboni. Mayai ya tegu hutoka katika kinyesi chake, na yeyote anayeyameza kwa mikono michafu, maji au mboga mbichi huweza kupata vifuko vya mnyoo ndani ya ubongo, hata kama hajawahi kuonja nguruwe. Mwaka 1992 madaktari waliandika kuhusu familia za Wayahudi wa New York, wasiokula nguruwe kabisa, waliopata kifafa kwa njia hiyo. Kwa hiyo kinga ya nyumba yako ni choo, sabuni na mboga zilizooshwa vizuri. Hii lakini ni sababu moja tu. Nyingine ni mtoto kuchelewa kupumua wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani na majeraha ya kichwa. Huko Mahenge, Tanzania, tangu miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall alieleza watoto wanaoinamisha kichwa tena na tena. Leo hali hiyo inahusishwa na ugonjwa wa usubi, yaani minyoo inayoenezwa na nzi wadogo wanaouma.

Kuhusu dawa: kwa takriban watu 7 kati ya 10, dawa sahihi inayomezwa kila siku huweza kuzima degedege. Kinachoharibu ni kuacha ghafla kwa kuwa mtoto haanguki tena, au kwa kuwa chupa imeisha Ijumaa. Kifafa hurudi kwa nguvu, pengine bila kukoma. Kupunguza dozi ni uamuzi wa daktari, kwa kawaida baada ya miaka 2 bila kuanguka, na hufanywa kwa miezi. Kama anatumia valproati, mojawapo ya dawa za kifafa, mkumbushe daktari mapema, kabla binti hajavunja ungo, kwa sababu dawa hiyo hudhuru mimba.

Mume wangu mkono wa kulia ulilegea na mdomo ukapinda, baada ya nusu saa akawa sawa. Anakataa kwenda hospitali. (Msomaji, Mombasa)

Mwambie hicho kilikuwa kiharusi kilichojizuia, na kikubwa huweza kufuata ndani ya siku chache. Aende leo apimwe shinikizo la damu, sukari na mapigo ya moyo.

Kikirudi, andika saa ya mwisho alipoonekana mzima. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu hapo, na baada ya picha ya CT pekee, kwa kuwa kiharusi cha kuvuja damu kinafanana nacho kwa macho, na dawa hiyo huweza kumuua mwenye kuvuja damu. Kwa sababu hiyo hiyo usimpe aspirini nyumbani. Usimwekee nifedipini, dawa ya kushusha shinikizo, chini ya ulimi. Shinikizo likishuka ghafla, sehemu ya ubongo iliyokuwa ikihangaika kupata damu hufa. Usimpe hata maji, maana koo lililolegea huyapeleka mapafuni. Mlaze kwa ubavu, chukua karatasi yenye ile saa, na umwambie dereva aende hospitali yenye mashine ya CT, hata kama zahanati iko karibu zaidi.