Vumbi Kwanza, Mpako Baadaye

Wanafunzi wanaoanza kuunda setilaiti ndogo huniuliza swali lilelile: mpako wa kukinga paneli za sola uwe mnene kiasi gani? Nami nilianzia hapohapo, nikapotea.

Huko juu, kilomita 400 hivi, oksijeni haiko katika jozi kama hii tunayovuta. Miale ya jua imeipasua ikawa atomu moja moja, na setilaiti inaigonga kwa zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde. Kapton, ile plastiki ya rangi ya asali inayobeba seli za sola, huliwa kidogokidogo mpaka iishe. Ndiyo maana Kapton ya mabawa ya sola ya ISS, Kituo cha Kimataifa cha Anga, ilipakwa oksidi ya silikoni, unene wa nanomita 130 tu. Oksidi ni kitu kilichokwisha kuungua. Oksijeni haina cha kula pale.

Vipande vyangu vya kwanza vya Kapton iliyopakwa vilitoka kwenye chemba ya plazma, ile inayoiga oksijeni ya huko juu, vikimeremeta. Nikakiinua kimoja dirishani: vinukta vya mwanga, kama chujio la chai. Chini ya hadubini, kila kinukta kilikuwa kitundu chembamba juu na pango pana chini yake. Mkosaji ni vumbi la meza yangu mwenyewe. Punje ililala juu ya plastiki, mpako ukapita juu yake, punje ilipobanduka ikaacha mlango wazi. Nikaongeza unene. Ukapasuka. Wiki mbili hizo sitaki hata kuzikumbuka.

Kwa hiyo pulizia naitrojeni kabla ya kupaka, vaa glavu, na usikunje kipande kikishapakwa.

Wala usidhani kupaka pande zote mbili ni kinga maradufu. Mabawa ya kwanza ya Marekani kwenye ISS yalifunguliwa Desemba 2000, na sanduku la kuyakunjia lilifunikwa kwa Kapton yenye alumini huku na huku. Baada ya mwaka hivi plastiki ilikuwa karibu imekwisha, imebaki alumini nyepesi iliyochanika. Atomu ziliingia vitunduni, zikagonga alumini ya ndani, zikawa zinadunda humo mpaka zikakuta plastiki. Upande usioelekea angani mimi huuacha mtupu.

Na kabla ya kupima uzito ili kujua oksijeni imekula kiasi gani, weka kipande kwenye ombwe, yaani mahali pasipo hewa, saa 48, maana Kapton hunywa unyevu wa hewa. Mimi niliwahi kumwita msimamizi wangu aje aone kipande “kilichoshinda oksijeni”: kilikuwa kimeongezeka uzito.