Kabla ya kulipa ankara ya wakili, uliza nani ameifanya kazi

Ankara ilikuwa na kurasa nne. Niliisoma jioni moja ofisini, Mtaa wa Ohio, nikisubiri foleni ya Barabara ya Ali Hassan Mwinyi ipungue. Jina moja lilikuwa linajirudia karibu kila mstari: kupitia vielelezo, saa 9, kuandaa kiapo kinzani, saa 5, hoja za maandishi, saa 11. Lilikuwa jina la mwanamke. Ofisi ile ya mawakili ilikuwa imeihudumia kampuni yetu miaka mitatu, na yule dada sikuwa nimewahi kumwona wala kusikia sauti yake. Kwenye vikao alikuja mbia mwenyewe, mmoja wa wenye ofisi, mzee wa heshima zake, akifuatana na kijana wa kiume aliyembebea mafaili. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpa mkono na kumwambia, "Mzee, hoja zile zimesimama." Kumbe zilisimamishwa na mtu nisiyemjua sura.

Nilimpigia. "Shikamoo mzee. Kikao cha Alhamisi naomba aje na huyu wakili aliyeandika hoja." Akaguna kidogo. Akasema huyo ni mtu wa ndani, si mzungumzaji. Nikamwomba tena, kwa upole, maana mteja akiomba jambo mara mbili wakili husikia.

Alhamisi akaja, akakaa kiti cha mwisho kabisa, karibu na mlango. Mkurugenzi wetu wa fedha akauliza kama tungeweza kudai riba kuanzia tarehe ya mkataba au ya hukumu. Mzee akageuka kumtazama. Dada akajibu bila kufungua faili, akataja kifungu cha mkataba na ukurasa kilipo. Kuanzia siku hiyo maelekezo yote ya shauri lile niliyaandika kwake moja kwa moja, nakala kwa mbia.

Naandika haya kwa wenzangu mnaoongoza idara za sheria kwenye makampuni, kwa sababu najua tunavyojitetea. Tunasema ofisi za mawakili ni za watu wengine, wanaajiri wanavyotaka, sisi tunanunua huduma tu. Lakini ndani ya ofisi ya mawakili, anayepanda ni mwenye wateja. Mteja ni mimi na wewe. Tukimpigia simu mzee yule yule kila siku, tunampandisha yeye na yeyote aliyeamua kumbeba mgongoni. Na hapa Dar tuseme ukweli: anayebebwa mara nyingi ni mtoto wa fulani, au aliyesoma na fulani Mlimani. Mwanamke, wakili mwenye ulemavu, kijana aliyesoma chuo cha mkoani asiye na mjomba mjini, hao wanabaki kuandika usiku.

Wala si suala la uwezo. Mwanamke, Julie Manning, alikaa kwenye kiti cha jaji wa Mahakama Kuu ya nchi hii katika miaka ya 1970. Bado nimeambiwa kwa masikio yangu kwamba kesi kubwa ya biashara "inahitaji mwanaume asimame".

Wenzetu Marekani walilishika jambo hili mapema, wakalishika kwa rungu. Mwaka 2004 Roderick Palmore, aliyekuwa mwanasheria mkuu wa kampuni ya Sara Lee, aliwataka wenzake waache kuzipa kazi ofisi zisizojali mchanganyiko wa watu. Mwaka 2017 kampuni ya kompyuta ya HP ikatangaza kwamba inaweza kuzuia hadi asilimia 10 ya ankara ya ofisi isiyotimiza masharti yake ya mchanganyiko huo. Januari 2021 mwanasheria mkuu wa Coca-Cola akaenda mbali zaidi: ofisi itakayoshindwa kufikia viwango vyake ingekatwa asilimia 30 ya ada. Miezi michache baadaye aliondoka kwenye kampuni, na mpango ukawekwa kando. Machi 2025 wakala wa serikali yao unaosimamia usawa kazini ukaziandikia ofisi 20 kubwa za mawakili ukizihoji kuhusu mipango yao ya namna hiyo.

Sitaki kuwacheka, walithubutu. Ila kwetu asilimia haina maana kubwa. Ofisi nyingi ninazofanya nazo kazi zina mawakili chini ya 10. Ukidai fomu, utaletewa fomu, na majina ya wanawake watatu ambao hutawaona tena baada ya kusaini. Mimi sasa nadai kitu kimoja: barua ya kukabidhi kazi itaje nani ataandika, nani atasimama mahakamani na nani atanipigia simu, na ankara ije na majina hayo hayo. Yasipofanana, nauliza.

Sasa niwaambie nilipokosea. Yule dada baada ya muda aliacha ofisi ile, akafungua yake Kinondoni, chumba kimoja na karani mmoja. Nikampa kazi kwa furaha, nikajiona nimetenda haki. Ankara yake ya kwanza ikakaa kwa wahasibu wetu zaidi ya miezi mitatu. Hakulalamika hata siku moja. Siku aliyopiga alisema, "Kaka, samahani kukusumbua. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 6, na karani wangu sijamlipa." Niliona aibu ambayo hadi leo ninayo. Ofisi kubwa inavumilia siku 90 za malipo. Ofisi ya mwanamke anayeanza inakufa humo humo, na mteja anabaki akijisifu kuwa alimpa nafasi. Nilipambana na idara ya fedha karibu mwaka mzima hadi tukakubaliana: ofisi ndogo zinalipwa ndani ya siku 14. Tulishusha pia kiwango cha bima ya kitaaluma, ile ya kufidia makosa ya wakili kazini, tulichokuwa tunakidai kwa kila kazi, hata ya kupitia mkataba wa pango.

Taasisi za umma zina sheria ya ununuzi inayotenga asilimia 30 kwa makundi maalum: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Sisi wa sekta binafsi hatulazimishwi. Hiyo isiwe sababu ya kulala.

Kuhusu ulemavu, anza na jengo lako. Wakili mmoja anayetumia kiti mwendo alikuja kwetu kuwasilisha maoni ya kisheria, akaikuta lifti mbovu. Alikaa mapokezi dakika 40 kabla ya mtu yeyote kunijulisha. Nilishuka, tukafanyia kikao kwenye mgahawa wa chini, siri za kampuni tukizisema kwa kunong'ona. Sheria Na. 9 ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye watu 20 na zaidi awe na asilimia 3 ya wenye ulemavu. Nilikuwa najiandaa kuziuliza ofisi za nje swali hilo, na kampuni yangu mwenyewe sikuwa nimeiuliza.

Na muda wa vikao. Ukiita kikao saa 11 jioni Posta, umeshamwondoa mama anayenyonyesha anayeishi Mbagala. Sheria ya ajira inampa hadi saa mbili za kunyonyesha kila siku. Mteja ndiye anayezimaliza saa hizo kwa simu za ghafla. Vikao vyangu na mawakili sasa ni saa 4 asubuhi. Anayetaka jioni, aniambie sababu.

Jambo la mwisho mlifanye wiki hii, maana halina gharama. Ofisi ndogo ikikosa kazi uliyoitangaza, mpigie mhusika umweleze alipopungukiwa: bei, uzoefu, au uandishi. Wale wakubwa hupata maelezo hayo kwenye chakula cha mchana. Yule wa Kinondoni aliyapata kwangu mara mbili kwa simu, na mara ya tatu zabuni yake ndiyo iliyoshinda.